Kuungua Nyumbani: Maji Kwanza, Asali na Mshubiri Baadaye

Mtu akiungua nyumbani, dawa huwa nyingi kuliko watu waliopo. Mmoja anakimbilia unga wa ngano, mwingine anatafuta dawa ya meno, jirani anaingia na yai mkononi, na mzee aliye uani anauliza kama mafuta ya taa yameisha. Wakati wote huo ngozi inaendelea kuungua. Joto likishaingia kwenye nyama halitoki eti kwa sababu tu chai iliyomwagika imefutwa. Linabaki humo na kuzidi kushuka chini. Ndiyo maana kinachofanyika katika nusu saa ya kwanza huamua mengi kuliko chochote utakachopaka wiki nzima inayofuata.

Dawa za asili nazikubali, baadhi yake. Asali ina ushahidi mzuri, mshubiri una wa wastani, na mafuta ya nazi yana kazi yake kidonda kikishafunga. Lakini kila moja ina siku yake, na hakuna hata moja ambayo siku yake ni ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya maji.

Maelezo haya ni ya majeraha madogo ya nyumbani: chai, uji, mafuta ya maandazi, pasi, mvuke wa sufuria, ekzosi ya bodaboda. Yanayotakiwa hospitali nimeyataja katikati, na hiyo ndiyo sehemu nisiyotaka uiruke.

Hatua ya 1: Mtenge na joto

Nguo ikishika moto, mtu asikimbie, maana kukimbia ni kuupepea. Alale chini abingirike, au afunikwe kwa blanketi zito mpaka moto uzime. Kama ni maji ya moto, uji au mafuta, mvue nguo zilizolowa mara moja, soksi na nepi zikiwemo. Uji una ubaya wake: ni mzito, unanata, na unakaa na joto lake juu ya ngozi, kwa hiyo mtoto aliyemwagikiwa uji mara nyingi huumia kwa kina kuliko aliyemwagikiwa chai. Usiukwangue kwa kucha wala kijiko. Uondoe kwa maji.

Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Kata kitambaa kuizunguka, kilichoganda kiache, daktari atakishughulikia.

Kisha toa pete, bangili, saa, shanga na kamba ya kiunoni. Fanya hivyo mapema, hata kama ngozi bado haijavimba. Kidole kikishavimba pete haitoki tena kwa sabuni, itabidi ikatwe, na kabla haijakatwa itakuwa imebana damu isifike kwenye ncha ya kidole.

Hatua ya 2: Maji, dakika 20

Weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 20 za mtoto anayelia ni ndefu sana na watu wengi huacha baada ya mbili tatu, pale maumivu yanapotulia. Maumivu kutulia si ruhusa ya kuacha. Kama mtu aliungulia shambani na amefika nyumbani baadaye, mmwagie tu. Maji bado yana faida hadi saa 3 tangu aungue.

Maji ya bomba yanafaa. Mkiwa na tangi la plastiki juu ya paa na ni saa nane mchana, fungua bomba kwanza uyaache ya juani yamwagike, maana yale ya mwanzo yanaweza kuwa ya moto kuliko ya kuogea. Pasipo bomba, chukua ndoo ya lita 20 na kopo la lita moja. Mwaga polepole, kopo moja kwa dakika moja, na ndoo moja itakufikisha mwisho. Kinga karai chini. Maji yakiwa ya shida, yaliyomo kwenye karai unaweza kuyachota tena maadamu hayana uchafu na hayajapata joto. Maji ya mtungi yana ubaridi unaofaa kabisa. Kutumbukiza mkono kwenye beseni nako ni sawa, ila ubadilishe maji yakianza kuwa vuguvugu.

Barafu hapana. Hubana mishipa midogo ya damu na kuua ngozi ambayo bado ilikuwa na nafasi ya kupona. Hali kadhalika maji ya friji yaliyokaribia kuganda.

Mtoto mdogo hupoa mwili upesi. Mwagia jeraha peke yake, sehemu nyingine mfunike kwa khanga kavu au blanketi. Akianza kutetemeka au kulegea, acha maji, mkaushe, mpashe joto, mpeleke kituoni.

Kuna kikwazo kimoja ambacho vitabu havikitaji, nacho ni wakubwa wa nyumba. Bibi akisimama mlangoni na bakuli la unga, kubishana naye ni kupoteza dakika. Mpe kazi: "Bibi, nishikie kopo, tummwagie kidogo kwanza, unga utafuata." Mkifika dakika ya 20 mtoto amenyamaza, na mara nyingi bakuli nalo limesahauliwa.

Hatua ya 3: Pima jeraha

Kipimo unacho tayari. Kiganja cha aliyeungua, pamoja na vidole vyake, ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake yote. Cha kwake, si chako. Kiganja cha baba kikiwekwa kwenye mgongo wa mtoto kitakudanganya. Jeraha lililo dogo kuliko kiganja chake, na lisilo la kina, linaweza kutunzwa nyumbani.

Kina ndicho kigumu kukisoma. Jeraha la juujuu huuma, halina lengelenge, na hupona ndani ya wiki moja. Lililoshuka kidogo hutoa malengelenge, chini yake ngozi ni ya waridi, imelowa na inauma sana ikiguswa. Hilo ndilo la kawaida kwa chai na mafuta, na kwa uangalizi mzuri hufunga ndani ya wiki mbili au tatu. Lililoshuka zaidi huwa jeupe, la rangi ya nta, la kahawia au jeusi, kavu, gumu kama ngozi ya kiatu, na haliumi. Watu hufurahia kutouma. Jeraha lisilouma limeunguza hata mishipa ya fahamu, na ndilo la kukimbizwa.

Neno moja kuhusu rangi. Maelekezo mengi husema "angalia wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Sehemu iliyoungua inaweza kuonekana nyeusi zaidi au ya kijivu, na waridi hujitokeza tu pale ngozi ya juu inapobabuka. Kwa hiyo tumia mkono: gusa pembezoni kwa mgongo wa kidole, linganisha joto na ugumu na upande wa pili wa mwili.

Nenda hospitali leo hii, baada ya maji, kama ni mojawapo ya haya:

- Jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au ni jeupe, jeusi, gumu au halina maumivu, hata likiwa dogo.
- Liko usoni, kiganjani, kwenye unyayo, sehemu za siri, au juu ya kiungo kama goti na kiwiko.
- Limezunguka mkono, mguu, kidole au shingo kama pingu.
- Ni la umeme, la radi au la kemikali.
- Alikuwa kwenye moshi ndani ya chumba, sauti imekwaruza, anakohoa masizi au nywele za puani zimeungua.
- Ni mtoto mchanga, mzee, mjamzito, au mtu mwenye kisukari au kinga dhaifu.
- Ni mwenye kifafa aliyeangukia motoni. Hakuweza kujitoa, hivyo jeraha huwa la kina kuliko linavyoonekana.
- Maelezo ya jinsi mtoto alivyoungua hayaendani na jeraha lenyewe.

Kwa jeraha kubwa, kama hospitali iko mbali kwa saa kadhaa na mgonjwa ana fahamu na hatapiki, mpe maji ya ORS kwa vijiko njiani. Ule usemi wa kumnyima maji aliyeungua, ati vidonda vitalowa, hauna msingi. Mtu aliyeungua sana hupoteza maji mengi kupitia jeraha, na upungufu huo unaua.

Ekzosi ya bodaboda naitolea onyo la pekee. Abiria anashuka upande wa kulia, shavu la mguu linagusa bomba, anaruka, wanacheka. Siku ya kwanza ni alama ya mviringo, ndogo kama limau, isiyouma kivile. Siku ya tatu katikati inakuwa ya kijivu, na wiki ya pili bado iko wazi. Chuma kile ni cha moto kuliko maji yoyote yanayochemka, na damu ya mguuni hupanda kwa taabu, kwa hiyo vidonda hivi huchelewa. Mwagie maji pale pale kijiweni, na ukikaa nyumbani uinue mguu juu ya mto. Na siku zote shukia upande wa kushoto.

Hatua ya 4: Funika, tuliza maumivu

Kifuniko kizuri cha muda ni nailoni ya roli ya kufunikia chakula. Tupa mzunguko wa kwanza uliokuwa unashikwashikwa, kisha laza kipande juu ya jeraha. Laza, usizungushe, maana jeraha litavimba na nailoni haitanuki. Kama haipo, khanga iliyofuliwa, kukauka juani na kupigwa pasi ya moto inafaa. Pamba usiweke; nyuzi zake zitabaki kidondani.

Maumivu ya kuungua si ya kuvumilia tu. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo moja, yaani wa kilo 10 hupata miligramu 150 kwa mara moja, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto asipewe aspirini.

Uliza pia pepopunda. Kidonda cha moto ni mlango wa vimelea vyake, hasa kikiwa kimegusa udongo. Kama chanjo hazikukamilika, au ya mwisho ni zamani kiasi cha kutokumbukika, pita zahanati.

Vya kuacha jikoni

Dawa ya meno hukauka juu ya jeraha, huziba joto lisitoke, na ina viungo vinavyowasha. Unga hufanya tope ambalo muuguzi atalazimika kulikwangua, na mgonjwa ndiye atakayelia. Siagi na mafuta ya kupikia hushikilia joto. Ute wa yai bichi unaweza kubeba salmonela hadi ndani ya nyama iliyo wazi. Mafuta ya taa huchoma ngozi iliyokwisha kuchomwa. Kinyesi cha ng'ombe, majivu na udongo ni njia ya mkato ya kupata pepopunda. Manyoya ya sungura, ambayo wengi wetu tumeyaona yakibandikwa, huganda ndani ya kidonda, na juu yaonekane makavu huku chini usaha unajikusanya. Maji ya rangi ya zambarau, GV, nayo wengi huyapenda. Shida yake ni kwamba huficha rangi halisi, na daktari hawezi tena kujua jeraha limeshuka kiasi gani.

Halafu zipo dawa za asili ambazo zenyewe zinaunguza. Kitunguu saumu kilichotwangwa na kufungwa juu ya ngozi kwa saa kadhaa huacha lengelenge la kweli. Ndimu ikipakwa na mtu akatoka juani, hupata mabaka yaliyobabuka siku moja mbili baadaye, kisha weusi wa miezi. Chungu cha nyungu kinapinduka ndani ya blanketi, na aliyeingia kujifukiza mafua anatoka na mapaja yaliyoungua. Mama aliyetoka kujifungua naye hukandwa kwa maji ya moto mno kwa imani kwamba yakiwa vuguvugu hayafanyi kazi. Tukiziita dawa, tuzipe na tahadhari ya dawa.

Za asili zinazofaa, na namna ya kuzitumia

Asali ndiyo naiweka mbele. Ni nzito, ina asidi kidogo, huvuta maji kutoka kwa bakteria na kuwanyima nafasi, na huweka kidonda katika unyevu unaotakiwa. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa majeraha ya kuungua yasiyo ya kina yaliyofungwa kwa asali yalipona siku 4 hadi 5 mapema kuliko yaliyofungwa kwa vifungio vya kawaida. Asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama ili kuua mbegu za vimelea bila kuipika, jambo ambalo wewe huwezi kulifanya. Kwa hiyo ya nyumbani iwe ya jeraha dogo tu, la juujuu au lenye lengelenge lililopasuka lenyewe, kwa mtu mwenye afya nzuri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe.

Tafuta asali unayemjua mrinaji wake. Ya barabarani mara nyingi imechanganywa na sukari iliyochemshwa. Ya nyuki wadogo ina sifa kubwa kwa waganga, ni nyepesi na chachu, na bei yake humfanya muuzaji apate kishawishi. Yoyote utakayopata, usiichemshe.

Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na sabuni ya kipande isiyo na manukato. Kausha pembezoni. Mimina kijiko kikubwa kimoja cha asali juu ya gozi, yaani kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, yenye ukubwa wa kiganja. Mimina juu ya gozi, si kuchovya kidole kwenye chupa na kupaka. Laza gozi juu ya kidonda, ongeza gozi kavu juu yake, funga kwa bandeji isiyobana. Itachoma kidogo dakika za mwanzo, kisha itulie. Siku za kwanza kidonda hutoa maji mengi na kuiyeyusha asali, hivyo badilisha kila siku. Kikianza kukauka, kila baada ya siku 2. Na ufunge vizuri, la sivyo utashinda ukigombana na sisimizi.

Mshubiri, ambao wengi sasa wanauita aloe vera, ni wa majeraha ambayo ngozi yake haijafunguka: pasi iliyogusa kidogo, mvuke, jua. Kata jani nono la chini kabisa. Lisimamishe ndani ya glasi, upande uliokatwa uwe chini, robo saa, ili utomvu wa njano udondoke. Huo ndio wenye ukali na ndio unaowasha. Osha jani, menya maganda, osha tena ule ute mweupe kama kioo, kisha paka tabaka jembamba mara 2 au 3 kwa siku. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko usubiri saa moja. Kilichobaki kitupe, kesho kata jani jingine, maana ute uliolala nje ya jani ni chakula cha bakteria.

Papai linastahili heshima zaidi ya inayopewa, ila si kwa matumizi ya jikoni. Katika Hospitali ya Royal Victoria, Banjul nchini Gambia, nyama ya papai iliyopondwa ilikuwa ikipakwa kila siku kwenye majeraha ya moto ya watoto, hata yaliyoingia usaha, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1999 katika jarida la kitabibu. Kimeng'enya kilichomo humumunya nyama iliyokufa. Jeraha lenye nyama iliyokufa tayari si la nyumbani, na utomvu wa papai bichi unaweza kuumiza nyama hai. Jambo hilo liache mikononi mwa muuguzi.

Jani la mgomba limejaribiwa India kama kifungio, kwa sababu halinati kidondani na linapotolewa haliumizi. Kule lilisafishwa kwa mvuke wa mtambo. Kwetu linaweza kusaidia kama kifuniko cha njiani: jani changa lisilochanika, lioshwe vizuri, lipashwe juu ya moto mpaka lilainike kama unavyofanya ukifungia chakula, lipoe kabisa, kisha lilazwe.

Kama huna chochote kati ya hivi, vaselini mpya na gozi zinatosha kabisa kwa jeraha dogo, na kopo liwe jipya, si lile la familia lililoingizwa vidole vya kila mtu.

Siku zinazofuata

Lengelenge usilipasue. Ngozi ile ya juu ni kifungio ambacho duka la dawa halina. Likipasuka lenyewe, osha, iache ngozi ilale palepale.

Kabla ya kubadilisha gozi, nawa mikono mpaka viwiko. Gozi iliyoganda usiivute; ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, subiri, itaachia. Wengi huchomoa kwa nguvu na kung'oa ngozi mpya iliyoanza kuota usiku. Vidole vilivyoungua vifungwe kimoja kimoja, kila kimoja na gozi yake, maana vikiunganishwa vinaweza kushikana vikipona. Kiungo kilichoungua kichezeshwe kila siku hata kama kinauma: nyoosha, kunja, nyoosha. Mtoto atapenda kulala amekunja mkono kwa sababu ndivyo usivyouma, na mkono unaopona umekunjwa unaweza kubaki hivyo.

Mpe chakula cha kujenga mwili: mayai, maharage, dagaa, maziwa, na matunda kama mapera na machungwa. Mwiko wa kumzuia mwenye kidonda asile maharage au dagaa unamchelewesha tu.

Rudi kituoni ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua baada ya siku ya pili, usaha wa kijani au harufu, joto na uvimbe unaosambaa kuzunguka jeraha, homa, au kidonda kisichofunga hadi wiki ya pili kuisha. Mtoto aliyeungua hata kidogo, kisha akapata homa, vipele, kutapika au kuhara ndani ya siku chache, apelekwe usiku huohuo. Sumu ya bakteria huweza kuingia kwenye damu wakati kidonda chenyewe kinaonekana safi.

Kemikali na umeme

Maji ya betri, kostiki soda ya kutengenezea sabuni, dawa ya kulainisha nywele iliyokaa kichwani kupita muda, mafuta ya ganda la korosho kwa wanaobangua kwa mikono: yote haya huunguza. Ya unga, kama chokaa kavu, yapukute kwanza kwa kitambaa kabla ya maji. Kisha osha muda mrefu, dakika 20 ni mwanzo tu, na maji yatiririke kutoka mwilini, yasipite jichoni. Usijaribu kuipoza soda kwa ndimu wala asidi kwa magadi. Zikikutana hutoa joto jingine. Mafuta ya korosho yanahitaji sabuni nyingi pamoja na maji.

Aliyepigwa na umeme usimguse mpaka swichi kuu izimwe. Tundu dogo kwenye kidole linaweza kuwa na njia ndefu iliyoungua ndani ya mkono, na moyo unahitaji kupimwa, kwa hiyo hakuna jeraha la umeme la kutibu nyumbani.

Ngozi ikishafunga

Sasa ndipo mafuta ya nazi yanapoingia. Ngozi mpya haina mafuta yake ya kutosha, hukauka, huwasha, hupasuka. Tumia mafuta ya nazi safi yasiyo na manukato, au vaselini. Paka mara 2 kwa siku na kusugua kwa kidole gumba taratibu, mizunguko midogo, dakika 5. Kuwasha ni kawaida; kata kucha za mtoto.

Ngozi hiyo huwa ya waridi au nyeupe mwanzoni. Rangi hurudi taratibu kutoka pembeni na kuzunguka vinyweleo, kwa wiki au miezi, na jua likiipiga mapema hubaki na baka jeusi lisiloisha upesi. Ifunike kwa mikono mirefu au khanga. Losheni ya kukinga jua ipo pia, na kwa watu wenye ualbino si ya hiari. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, hutengenezwa losheni ya KiliSun kwa ajili yao. Krimu za kung'arisha zenye haidrokwinoni au zebaki usizikaribishe kwenye kovu changa.

Baadhi yetu tuna ngozi inayotoa keloidi, yaani kovu linaloinuka, kuwasha, na kuvuka mpaka wa jeraha lenyewe. Kama una historia hiyo au mzazi wako anayo, usisubiri liwe gumu. Nenda kliniki ya ngozi mara tu linapoanza kuinuka, maana sindano za kulilainisha hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa bado changa.